Mgeuza Kurasa wa Bwana Ravaillot

Katika okestra ya Sombreval wapiga viola hukaa wawili wawili, stendi moja ya karatasi kwa watu wawili. Anayekaa upande wa watazamaji ndiye mkubwa. Anayekaa upande wa ndani ndiye mgeuza ukurasa. Muziki ukifika mwisho wa karatasi, huyu wa ndani huacha kupiga, hunyoosha mkono, hugeuza, na mwenzake huendelea kama vile karatasi imegeuzwa na upepo. Watu wanaokaa huko chini kwenye viti vyekundu hawamwoni. Wanamwona mkubwa.

Odette Thouvenin alikuwa amekaa upande wa ndani miaka ishirini na miwili, na mkubwa wake muda wote huo alikuwa Bwana Anselme Ravaillot, kiongozi wa viola. Walichukiana tangu wiki ya kwanza.

Chuki yao ilikuwa na mwanzo, na mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo. Odette alitoka Mirecourt, mji wa watengeneza fidla, baba yake akichonga vigingi vya kukazia nyuzi. Akaenda kusoma Paris, akapata tuzo ya kwanza ya viola, viola ile ambayo ni dada mnene wa fidla, sauti yake ya kifuani. Akaingia okestra ya Sombreval mwaka wa sitini na moja, mwanamke wa kwanza kukaa katika safu hiyo. Kwenye onyesho lake la kwanza kabisa, Bwana Ravaillot alikuwa na sehemu ya kupiga peke yake, okestra nzima imenyamaza inamsubiri. Akapotea. Mkono ulisimama hewani, macho yanahangaika kwenye karatasi. Odette, ambaye alikuwa ameshikilia kona ya ukurasa tayari kugeuza, akaiachia, akachukua upinde wake wa kusugulia nyuzi, akapiga ile mistari minne badala yake mpaka mzee akajikuta tena. Hakuna aliyegundua. Kesho yake gazeti la mji likamsifu Bwana Ravaillot kwa mistari ileile minne, kwamba alipiga kama mtu anayeongea usingizini.

Mtu mwingine angesema asante. Bwana Ravaillot alimfuata chumba cha kubadilishia nguo akamuuliza ni nani aliyemtuma. Kuanzia siku hiyo akambandika jina la Bi Kurasa. Safu nzima ikalishika. Ikafika mahali hata bwana wa mlangoni, akimkabidhi barua zake, anasema, "Za kwako hizi, Bi Kurasa," wala hakuwa na nia mbaya.

Alama za upinde Bwana Ravaillot aliziandika mwenyewe kwa penseli nene: hapa upinde ushuke, hapa upande, hapa kidole cha tatu. Odette akipiga vingine, hata kama hakuna anayesikia, mzee anamgonga goti kwa goti lake. Odette akivuta pumzi puani kabla ya noti ya kwanza, na hiyo ilikuwa tabia yake tangu utoto, kijivuto kifupi cha pua kama mtu anayenusa mkate, mzee anamnong'oneza, "Kamasi, Bi Kurasa." Naye Odette hakuwa malaika. Alikuwa na kisasi chake. Kila mara mzee alipomuudhi, alichelewa kugeuza ukurasa, nusu pumzi tu, kiasi kwamba kiongozi wa okestra asione, lakini Ravaillot lazima apige mstari wa juu wa karatasi inayofuata akiwa kipofu. Mzee aligeuka mwekundu shingoni. Odette aliiangalia ile shingo na kufurahi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake kazini, na ukifikiri vizuri ni furaha ya kusikitisha.

Mwaka wa sabini na tano kulikuwa na mashindano ya cheo cha naibu wa kiongozi wa viola. Mashindano hupigwa nyuma ya pazia, ili waamuzi wasijue ni nani anayepiga, mzee au kijana, mwanamume au mwanamke. Washindani huvua viatu na kutembea juu ya zulia, maana kisigino cha mwanamke kina sauti yake. Hakuna kusema hata neno. Wanaingia kwa namba. Mbele ya mkubwa wa ala husika huwekwa kengele ndogo ya shaba, na akiona mshindani hafai, anaigonga na yule anaondoka. Odette alisimama nyuma ya pazia, akavuta pumzi puani, akaanza. Kwenye mstari wa kumi na mbili kengele ikalia. Cheo kikaenda kwa bwana mmoja wa kutoka Metz, ambaye baada ya miaka miwili alihama, na cheo chenyewe kikafutwa. Bwana Ravaillot alimwambia jioni ile, akifunga sanduku la viola yake, "Pua yako ina sauti nzuri kuliko mkono wako."

Sasa ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Bwana Ravaillot alikuwa anastaafu kwa lazima ya umri. Kiti cha kwanza cha viola kilikuwa kinabaki wazi, mashindano yametangazwa mwezi wa Oktoba, na kanuni ya okestra ilisema aliyetimiza miaka hamsini haruhusiwi kushindana. Odette alikuwa anatimiza hamsini mwezi wa Januari. Akikosa safari hii, atageuza kurasa za mtu mwingine mpaka azeeke. Na mtu mwingine huyo alikuwa anajulikana. Alikuwa Didier Marchal, kijana wa miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa Ravaillot kwa miaka minane, ambaye mzee alimwita mbele ya watu wote "mkono wangu wa pili." Kengele, kama kawaida, ingekuwa mbele ya Ravaillot.

Mzee hakuficha. Mwezi wa Juni, mazoezi ya mwisho kabla ya likizo, alimgeukia Odette huku watu wanafunga masanduku. "Umejiandikisha, nasikia."

"Nimejiandikisha."

"Sawa. Nitakutambua kabla hujagusa uzi. Vaa soksi nzuri tu, Bi Kurasa, zulia lile lina vumbi."

Wapiga viola wa nyuma walicheka kidogo, wakainamisha vichwa.

*

Odette aliishi na dada yake Yolande, mjane, katika nyumba ya mama yao nje kidogo ya mji. Yolande alikuwa mtu wa sungura, mboga na jemu, na ulimi wake haukuwa na mfuniko. Kwa miaka ishirini na miwili alikwenda kwenye maonyesho kwa tiketi ya bure ya mdogo wake, akakaa, akamsikiliza Ravaillot, akarudi akimsema njiani mpaka nyumbani. Alisema yule mzee anapandisha noti kama mtu anayepandisha suruali iliyolegea.

Agosti ile walikuwa na plamu za njano nyingi kupita kiasi. Yolande alikuwa bustanini akiokota zilizodondoka, sufuria kubwa ya jemu inatokota jikoni, na Odette alipewa kazi ya kuikoroga. Alikuwa anapiga mazoezi palepale jikoni, anakoroga, anapiga, anakoroga. Kipande cha lazima cha mashindano kilikuwa kilekile ambacho Ravaillot alikuwa amekipiga mbele ya okestra mara nane au tisa. Odette alikipiga kwa namna yake, mara tatu, na kila mara aliposhika upinde pua ilinusa yenyewe, na kila iliponusa alisikia ile kengele.

Hasira zikampanda. Akaamua kumwigiza yule mzee, kwa kejeli tu, kutoa nyongo. Akaanza noti ya kwanza kutoka kwenye ukimya, upinde umeshalala juu ya uzi, sauti inakuja polepole kama maji yanayoanza kuchemka. Akapanda kwa kidole cha tatu, akiteleza, ile suruali kabisa. Hakugusa uzi mtupu hata mmoja, uzi unaopigwa bila kubanwa na kidole, maana Ravaillot aliuona uzi mtupu kuwa ni ushamba. Mwisho wa kila sentensi akasukuma kidogo ncha ya upinde, kama mtu anayefunga droo kwa kidole. Alama zote zile za penseli zilikuwa kichwani mwake. Hakuhitaji hata karatasi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Yolande akasimama na ndoo yake ya plamu, uso umekunjamana.

"Amekuja lini huyo mzee?" akauliza. "Kwa nini hukuniambia? Mimi na aproni hii."

Odette akageuka na upinde mkononi.

Yolande akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia chini ya ngazi, kama vile mzee wa miaka sitini na mitano anaweza kujificha nyuma ya ufagio. Kisha akamtazama mdogo wake na ile viola, akaweka ndoo chini.

"Wewe," akasema. "Rudia hiyo."

Odette akarudia. Yolande alisikiliza amefumba macho, na alipoyafumbua jemu ilikuwa imeshika chini ya sufuria na inanuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuijali.

"Mkono ni wake," akasema. "Ila pua ni yako. Umenusa tena mwanzoni."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Odette alikataa siku mbili nzima. Alisema akishinda kwa sauti ya mtu mwingine atakuwa ameshinda nini. Yolande akamjibu kwamba kwa sauti yake mwenyewe alishagongewa kengele, na kwamba kama anataka kwenda kugongewa tena kwa heshima zake zote, aende, lakini asirudi kulia kwenye jemu yake. Siku ya tatu Yolande alikwenda kwenye kamba ya nguo, akachomoa kibanio kimoja cha mbao, akakibana kwenye pua ya mdogo wake.

"Pumulia mdomo," akasema.

Wiki tisa Odette alipiga viola akiwa na kibanio puani. Mtoa barua alimkuta hivyo dirishani akaacha barua ukutani bila kubisha. Pua ilipata alama nyekundu pande zote mbili, akazipaka poda akienda kazini. Na Ravaillot, ambaye alikuwa akimwangalia kwa karibu kuliko mume anavyomwangalia mke, aliiona ile poda akasema, "Hata kujipamba hakutasaidia. Pazia ni zito."

*

Siku ya mashindano ilikuwa asubuhi yenye ukungu, jukwaa la ukumbi wa mji limewekwa pazia refu kutoka ukuta hadi ukuta na zulia la kijivu kutoka mlangoni. Waamuzi watano walikuwa upande wa pili, Bwana Delorme, kiongozi wa okestra, akiwa mwenyekiti wao. Washindani saba walisubiri chumba cha nyuma, viatu vimepangwa mlangoni kama msikitini. Wakachukua namba kutoka kwenye kofia. Odette alipata sita. Didier Marchal alipata mbili.

Didier alikuwa mgonjwa. Mafua yalikuwa yamemshika tangu Jumapili, pua nyekundu, macho yanatoka machozi, leso mkononi. Hata hivyo alikuwa anatabasamu. Alimwambia Odette, si kwa ubaya lakini kwa namna ile ya mtu ambaye jambo lake limeshakwisha, kwamba akishashika kiti hatambadilisha yeye, ataendelea kukaa naye upande wa ndani. "Umezoea," akasema. "Na mimi sipendi kumfundisha mtu mpya."

"Asante sana, kijana," Odette akamjibu.

Namba moja akaingia, akapiga mpaka mwisho, akatoka. Didier akaingia. Ukuta wa chumba kile ulikuwa mwembamba, na wote waliobaki walisikia. Walisikia kimya. Kisha wakasikia Didier akivuta pumzi puani, kijivuto kifupi, chenye maji. Kisha noti nne, tano.

Kisha kengele.

Hakuna aliyejua wapi pa kuangalia. Didier alirudi na viola imening'inia mkononi, uso wake mweupe isipokuwa ile pua. Akakaa kwenye benchi. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu, "Amenigongea mimi. Mwalimu amenigongea mimi. Sikufika hata mstari wa pili."

Odette alielewa mara moja. Aliielewa ile kengele kama anavyoielewa saa ya ukutani kwake. Mzee alisikia pua, akaona amemmaliza Bi Kurasa, na sasa ametulia kule kwenye kiti chake anamsubiri mwanafunzi wake. Neno moja tu lingetosha. Angeweza kumwambia Didier asimame, aende kwa karani wa mlangoni, aseme nina mafua, nimekosewa. Kanuni iliruhusu malalamiko mpaka mshindani wa mwisho atakapotoka.

Didier alimtazama. "Nilikosea nini?" akauliza.

Odette alikuwa na jibu mdomoni. Akapaka upinde wake sandarusi, ule utomvu mkavu unaoufanya ushike nyuzi, taratibu, kutoka mwanzo hadi ncha, na kurudi.

"Sijui," akasema. "Mimi huwa ninageuza kurasa tu."

Alipoitwa namba sita alitembea juu ya zulia kwa soksi za sufu alizofumiwa na Yolande. Mbele yake pazia, na nyuma ya pazia kikohozi cha mzee alichokijua kuliko kikohozi cha baba yake. Akafungua mdomo, akavuta hewa kimyakimya. Akalaza upinde juu ya uzi. Akamwita Ravaillot.

Alikuja mzima. Ile sauti inayoanza kutoka kwenye ukimya, ile suruali inayopanda, ile droo inayofungwa. Odette alisikia kana kwamba amekaa upande wa ndani tena, na kwamba yule anayepiga ni mtu mwingine, na kwamba kazi yake yeye ni kungoja mwisho wa karatasi. Mwisho wa karatasi ulipofika akageuza mwenyewe, kwa wakati wake. Kengele haikulia. Alipomaliza, kutoka upande wa pili, kinyume kabisa cha kanuni, ikasikika sauti ya Ravaillot, nyororo, sauti ambayo hakuwahi kumsikia akiitumia miaka ishirini na miwili.

"Vizuri, mwanangu," akasema.

Bwana Delorme akamkemea kwa kugonga meza.

*

Waamuzi waliandika alama zao juu ya ishirini, kwa wino, na kila mmoja akatia sahihi. Kisha washindani wakaitwa jukwaani na pazia likakunjwa. Desturi ya Sombreval ni kwamba mwenyekiti husoma namba iliyoshinda, na mwenye namba hupiga hatua moja mbele.

Bwana Delorme akasoma sita. Akaongeza kwamba mwamuzi mmoja ametoa ishirini juu ya ishirini, jambo ambalo hakulikumbuka katika maisha yake ya kazi. Bwana Ravaillot alikuwa ameshasimama. Alikuwa anawaambia wenzake wa meza kwamba huyu amemlea kwa mikono yake mwenyewe, kila kidole, kila upinde, na alikuwa amenyoosha mkono kumwelekea Didier.

Odette akapiga hatua moja mbele kwa soksi zake.

Ule mkono ulibaki hewani. Odette alikuwa ameuona ukibaki hewani hivyo mara moja tu, mwaka wa sitini na moja.

"Nipeni karatasi yangu," Ravaillot akasema.

Bwana Delorme akamwambia imeshatiwa sahihi. Mzee akasema kuna udanganyifu. Akaulizwa udanganyifu gani, kwani huyu mama alikuwa na mtu mwingine ndani ya viola? Mzee akasema amemwigiza, amemwiba, hakuna anayepiga hivyo isipokuwa yeye. Mwamuzi mmoja kutoka Nancy, bibi mwenye miwani aliyekuwa kimya asubuhi nzima, akauliza kwa upole kama tatizo ni kwamba mshindani amepiga vibaya.

"Hapana," Ravaillot akasema.

"Basi amepiga vizuri."

"Amepiga kama mimi."

"Ishirini juu ya ishirini," yule bibi akasema, akavua miwani akaifuta.

Wale wengine waliangalia meza. Mmoja alishindwa kujizuia, mabega yakamtikisika. Didier hakucheka. Alikuwa anamtazama mwalimu wake, kisha akamtazama Odette, na Odette akaona kijana amepata hesabu yote: mafua, kengele, na yule mama aliyekaa kwenye benchi akipaka sandarusi.

Ravaillot alimngoja Odette kwenye korido, akiwa amevaa koti lake, kofia mkononi. Hakupaza sauti.

"Umeketi kwenye kiti changu kwa sauti yangu," akasema. "Ya kwako iko wapi? Huna. Nimekaa na wewe miaka ishirini na miwili, sijaisikia. Siku utakayojaribu kupiga kwa sauti yako, watu wote watajua ni mtu gani aliyekaa pale."

"Ile mistari minne ya mwaka wa sitini na moja," Odette akamwambia, "gazeti lilikusifu wewe. Leo umenisifu mimi. Tuko sawa."

"Hatuko sawa," mzee akasema, akavaa kofia. "Mimi nilikuwa nimepotea tu."

Odette alirudi nyumbani, akala supu ya kabichi iliyowekwa mbele yake, akamsimulia Yolande yote isipokuwa hilo la mwisho. Yolande alicheka mpaka akashika meza. Odette hakucheka. Alijifungia chumbani na viola akajaribu kipande kilekile kwa namna yake, na kile kilichotoka kilikuwa mzee. Akajaribu tena. Mzee. Kidole cha tatu kiliteleza chenyewe. Akatafuta uzi mtupu, mkono ukaukwepa, kama farasi anavyokwepa shimo analolijua.

*

Wiki ya kwanza ya Januari alikalia kiti cha kwanza. Ravaillot alikuwa ameacha mto wake wa kukalia, mto wa mahameli uliopauka. Odette aliuchukua kwa vidole viwili akauweka kwenye korido karibu na ndoo za kusafishia. Upande wa ndani, kwa muda mpaka mashindano mengine, okestra ilikuwa imemwajiri Didier Marchal.

Alikuja, akakaa, hakumsalimia. Nyuma yao viola nyingine sita zilikuwa zinakazwa nyuzi.

Karatasi kwenye stendi zilikuwa zilezile, na alama za penseli zilezile. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na sehemu ya viola kupiga peke yake. Bwana Delorme akaashiria, okestra ikanyamaza, Odette akaanza.

Alikuwa Ravaillot. Kutoka noti ya kwanza, alikuwa yeye, na kila mtu pale alimsikia. Nyuma, mtu mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani mzee amestaafu au hajastaafu?" na safu ikacheka, si kwa kujificha kama zamani.

Odette akaacha kupiga. Akatoa kifutio mfukoni mwa koti, akainama, akaanza kufuta. Okestra nzima, watu sabini, wakamngoja. Alifuta kile kidole cha tatu. Alifuta upinde ushuke, upinde upande. Penseli ya mzee ilikuwa nzito, imeingia kwenye karatasi, na hata baada ya kufuta mifereji yake ilibaki ikionekana. Vumbi la kifutio lilimwangukia Didier magotini. Bwana Delorme akauliza kama Bi Thouvenin anahitaji muda.

"Nimemaliza," Odette akasema. "Naomba tuanze tena."

Akavuta pumzi puani, kwa nguvu, watu wote wakasikia. Akapiga. Uzi mtupu ulilia mkavu, kama mlango wa ghalani. Noti ya juu aliifikia bila kuteleza na hakuifikia vizuri, ikakwaruza. Haikuwa nzuri. Hata yeye alijua kwamba haikuwa nzuri, kwamba ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa miaka mingi bila kusema. Lakini mzee hakuwamo.

Alipomaliza, Didier alisogea karibu na sikio lake.

"Mwalimu asingepiga hivyo," akasema.

"Ndiyo maana hayupo," Odette akamjibu. "Angalia karatasi yako."

Muziki ukaendelea, viola zote sasa, mpaka chini ya ukurasa. Didier akanyoosha mkono kugeuza. Akachelewa. Nusu pumzi tu, kiasi kwamba Bwana Delorme asione. Kisha akaiangalia shingo ya Odette, akisubiri igeuke nyekundu.

Odette hakuiangalia karatasi kabisa. Mistari ya juu ya kila ukurasa alikuwa ameshaikariri nyumbani, yote, tangu Krismasi.